YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MALEZI YA MTOTO MWENYE HOFU

Ndugu wazazi na walezi,

Ninawasalimu kwa heshima tunapofunga muhula wa kwanza. Wanafunzi wamekabidhiwa ripoti zao za maendeleo pamoja na tarehe ya kufungua shule, kwa hiyo sitayarudia hayo. Nataka kuzungumza nanyi kuhusu mtoto mmoja wa Darasa la Tano, ambaye mama yake ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina.

Baba wa mtoto huyu alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwaka jana mtumbwi wao ulipigwa na dhoruba usiku wakiwa kazini, naye hakurudi. Tangu hapo mtoto akawa anazunguka njia ndefu ya barabarani ili asipite mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, anapokuja shule, na kila mvua ilipopiga bati la darasa alijificha chini ya dawati akiziba masikio. Wapo wenzake waliomcheka, na wapo watu wazima, wenye nia njema bila shaka, waliomwambia mama kwamba hofu ile ni dalili ya kukosa imani.

Kwa hilo la mwisho sikubaliani nao. Sisi wa Mwanza tunajua kwamba hofu ya ziwa ina sababu. Kila tarehe 21 Mei tunawakumbuka waliopotea na meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996, ambao baadhi yao wamezikwa hapa Igoma, na Septemba 2018 tuliwapoteza tena ndugu zetu zaidi ya 220 wa MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake wa abiria 101. Katika vipindi vya dini, wanafunzi wetu Wakristo humsoma Nabii Yona na Waislamu humsoma huyo huyo kwa jina la Yunus, na wote hujifunza kwamba aliomba akiwa bado gizani, tumboni mwa samaki, kabla ya kuokolewa.

Muhula huu Darasa la Tano lilikwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ambako hufikiwa kwa safari fupi ya boti. Mtoto huyu alifika kwenye maji akagoma. Mwalimu wa darasa hakumlazimisha wala hakumrubuni kwa zawadi. Alikaa naye chini, boti ya kwanza ikaondoka bila wao. Baadaye mtoto aliinuka mwenyewe, akamwendea nahodha, akamuuliza boti inabeba watu wangapi, akawahesabu waliokwisha kupanda, kisha akauliza kama upepo utabadilika mchana. Nahodha, ambaye ninamshukuru sana, alimjibu kila swali kwa utulivu na heshima. Mtoto akafunga mikanda ya jaketi la kujiokolea, akainamisha kichwa kuomba, akapanda. Alilia njia nzima. Kisiwani alitazama pimbi na swala pamoja na wenzake, na jioni akavuka tena.

Nilipomwita ofisini kumpongeza, aliniambia: "Mwalimu, nilikuwa naomba na huku naogopa."

Jibu hilo nimelitafakari sana. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwenye kuomba kwa kweli hatetemeki, lakini mtoto huyu aliomba akitetemeka, na sala yake haikumzuia kuhesabu abiria. Ningetamani watoto wetu wote wawe na imani ya namna hiyo, ya kumtegemea Mungu bila kudharau jaketi. Hofu haijamwisha, mvua kubwa bado humtoa machozi, ila sasa hubaki kwenye kiti chake.

Kwa kuwa katika miezi hii upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani, nawaomba msimpandishe mtoto mtumbwini bila jaketi, na mfuatilie tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari. Mtoto anayekataa kupanda asichekwe wala asipigwe. Kaeni naye, mumuulize anaogopa nini, na mumsikilize mpaka amalize.

Mama wa mtoto huyu ameniomba niwafikishie ombi lake pia: mkimtambua mwanawe mtaani, tafadhali msimuulize mbele za watu jinsi baba yake alivyofariki.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu