Chala si safari ya kwenda na kurudi

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu wanangu wakiwa shule ya msingi na sijawahi kukuandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile makala yenu ya Ziwa Chala, mliyotwambia sisi wa Mombasa kwamba tunaweza kuamka asubuhi, tukapunge upepo chini ya Kilimanjaro, na usiku tukalala majumbani mwetu.

Ziwa lenyewe sina neno nalo. Liko ndani ya kasoko ya volkano, kuta za mawe zimelizunguka, na Kilimanjaro umesimama kwa nyuma. Maji yake hupenya chini kwa chini kutoka mlimani, na rangi hugeuka kadiri jua linavyosogea, mara kijani, mara buluu ya kukoza. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita humo humo majini. Nani asingetaka kupaona? Chama chetu cha akina mama kikachanga, tukalipa kampuni moja ya hapa mjini itupeleke pamoja na watoto.

Sasa sikiliza. Chala iko mbele ya Taveta, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa. Basi tuliloahidiwa saa kumi na moja alfajiri lilikuja saa moja na nusu. Mariakani tukakwama nyuma ya malori. Voi, dereva akaingia mkahawa aliouchagua yeye, ilhali mahamri na mbaazi zetu zimo kwenye hotipoti, akakaa mpaka akashiba. Ziwani tukafika saa tisa, na saa kumi akaanza kupiga honi, eti hataki kuendesha usiku. Wifi yangu anaumwa na magoti. Njia ya kushukia majini ni mteremko wa mawe na changarawe, hapana pa kushika, naye alikuwa akishuka kwa kukaa, jiwe hadi jiwe, buibui limejaa vumbi. Hajafika nusu akaambiwa apande. Na hilo ningelimeza. Lililonichoma ni yule kijana aliyejiita kiongozi wa safari, amesimama juu anachezea simu, akiwaambia watoto wavue viatu waingie kuogelea! Aliyewaokoa ni mvuvi aliyekuwa pale chini: "Watoeni watoto majini, kuna mamba humu!" Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 90, na mwaka 2002 msichana wa Uingereza aliuawa na mamba hapo hapo. Kiongozi hakuwa na habari. Na nyinyi, Mhariri, mliandika kwamba maji yanamwita mtu kuoga, wala mamba hamkuwataja hata kwa neno moja. Mwandishi wenu alifika kweli, au aliona picha tu?

Tena nauliza, kwa nini safari yote iwe ya barabarani? Kulikuwa na reli kutoka Voi hadi Taveta. Waingereza waliijenga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakipeleka majeshi kupigana na Wajerumani. Leo imelala tu kwenye majani. Ndizi za Taveta tunazonunua Kongowea zinakuja kwa lori, kwenye barabara hiyo hiyo tunayosongamana, halafu tunashangaa kwa nini mkungu umepanda bei na kwa nini kutoka mjini hadi Mariakani ni asubuhi nzima. Wabunge wa Pwani wako wapi?

Mpaka reli hiyo ifufuliwe, liwekwe basi stesheni ya Voi, lingoje treni ya asubuhi inayotoka Miritini, liende moja kwa moja Taveta. Watu walale huko, Chala waende kesho yake asubuhi, washuke taratibu, wapande taratibu. Pale juu inapoanza njia kiwekwe kibao cha Kiswahili, herufi nyekundu ambazo hata mtu asiye na miwani atazisoma, kitaje kina na kitaje mamba. Na ile makala muirekebishe ukurasa ule ule mlioitolea, kwa maandishi makubwa yale yale, msije mkaichomeka chini ya tanzia.

Mama wa Kisauni,
Mombasa