Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Watoa Dawa, Tanga

Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Ya kawaida mnayajua: vikao vinne, misiba miwili tuliyochangia, sare. Sitawachosha.

Nije kwenye linalosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti kaila hela ya safari ya Pangani. Hakuna aliyekula. Sh 940,000 za safari, kwa uamuzi halali wa kamati, zililipia semina ya siku moja kuhusu vidonge vinavyoachia dawa polepole. Wazo lilikuwa langu, sikatai, na lingerudi leo ningelitetea tena.

Mnamkumbuka mteja wa Makorora aliyemsagia mama yake kidonge cha presha kwenye uji, kwa kuwa kumeza kunamshinda. Ilikuwa nifedipine ya saa 24. Dozi ya siku nzima ikamwingia kwa mkupuo, presha ikashuka, bibi akaanguka. Aliyemshauri asage ni mwenzetu. Simtaji, yupo humu, kama amehudhuria.

Vidonge hivi havifanani kwa ndani. Kimoja kikilowa huvimba na kuwa na ute kama bamia, dawa ikapenya kidogo kidogo. Kingine kina ganda lenye tundu lililotobolewa kwa leza: maji yanaingia, dawa inasukumwa nje, ganda linatoka chooni likiwa zima, na mgonjwa anarudi dukani kugomba kwamba tumemuuzia dawa isiyoyeyuka. Ukiona SR, XR au retard kwenye boksi, alama za dawa inayoachiwa polepole, usimwambie mtu asage. Wembe wa kukatia kidonge nao uuweke mbali, mpaka usome karatasi ya ndani.

Kuna aliyesema haya ni mambo mapya ya wasomi. Kapsuli za namna hii ziliingia sokoni Marekani mwaka 1952. Hata kijiti cha uzazi wa mpango cha miaka mitatu, ambacho wake zetu wanakijua kuliko sisi, ni ufundi huohuo.

Kati ya wanachama 61, semina walikuja 23. Waliolalamika sana ndio hawakuonekana. Ada ya Sh 30,000 wamelipa 27, tunadai 1,020,000. Mapato pamoja na salio la mwaka jana ni 1,655,000, matumizi 1,412,000, salio 243,000.

Mwakani tunatarajia semina nyingine, na Mungu akipenda Pangani pia.

Risiti zote ziko kwa mweka hazina, Ngamiani. Anayetaka kuzikagua aende na ada yake.

Mwenyekiti