Pumu na ukurutu wa mtoto, wifi zetu wasimuandame mama peke yake

Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo mana hili jambo lishanichosha na najua siko peke yangu. Kwetu huku Pemba mtoto mchanga akitoka ukurutu mashavuni, au kifua kikaanza kumlia na hata kukaa kitako bado, swali la kwanza ni mama yake kala nini, pweza? kamba? Na wifi mtu keshakaa pale ukumbini, "sie kwetu hakuna maradhi hayo". Hakuna vipi na kaka yake karafuu zikianikwa tu anapiga chafya mpaka macho yanamvimba, ila yake yeye yanaitwa mafua.

Aleji inatoka pande zote mbili jamani. Mzazi mmoja akiwa na pumu, ukurutu au hayo mafua yasokwisha, hatari ya mtoto inapanda, wakiwa nayo wote wawili inapanda zaidi, japo wapo pia watoto wanaipata na hakuna wa kumnyooshea kidole. Halafu anachorithi mtoto ni ule mwili mwepesi wa aleji, sio lazima kitu kile kile, yani baba akila kaa anavimba midomo, mwanawe anakula kaa raha mustarehe lakini usiku kifua kinambana. Wengine wanarithi ngozi kavu, tangu 2006 wataalamu wanajua kuna jeni ya filagrini ikiwa na hitilafu ngozi haishiki maji, inachanika, vitu vya nje vinapenya.

Sasa mzazi wa watu ananyimwa samaki na mayai arubaini nzima na huku ananyonyesha, eti anamkinga mtoto. Haijathibitika kama inamkinga, anadhoofika bure tu. Chumbani humo humo mlango umefungwa, chetezo cha udi kinafuka kutwa, na baba akitoka kuvuta sigara barazani anakuja moja kwa moja kumbeba mtoto na fulana ile ile. Moshi ndio wa kuuogopa, hasa nyumba yenye ukoo wa pumu, na sigara inamdhuru mtoto tangu tumboni. Udi mie naupenda, sikatai, lakini ufukizwe nguo uani.

Tena kuna mtafiti mmoja Muingereza, David Strachan, mwaka 1989 aliandika kuhusu watoto zaidi ya 17,000 wa kwao, akaona wenye kaka na dada wakubwa wengi wanapata kidogo mafua ya aleji kuliko wa mwanzo, akahisi ni kwa sababu wanaambukizwa vijidudu mapema na mwili unazoea. Wenye nyumba za watoto saba mfurahi kidogo.

Na hili la kumchelewesha mtoto vyakula "vya aleji" limeshageuka. London mwaka 2015 daktari wa aleji Gideon Lack na wenzake walitoa majibu ya utafiti wa watoto wenye ukurutu mkali au aleji ya mayai, waliopewa njugu (karanga) mapema kabla ya kutimiza mwaka, hatari ya aleji ya njugu ilishuka kwa kama asilimia 80 walipofika miaka mitano. Njugu zilizosagwa lakini, sio nzima zikamkaba, na mwenye ukurutu mkali aonwe na dokta kwanza.

Ninachotaka hasa ni hiki. Kliniki niliyokwenda mimi niliulizwa presha, sukari, mimba zilizopita, kifua cha mume wangu hakuna alokiuliza na alikuwa kakaa pale pale nje kwenye benchi. Hata kwenye posa tunachunguzana ukoo, dini, tabia, kazi, pumu kimya, inafichwa kama deni. Sisemi posa zivunjwe! Nasema ijulikane mapema na iandikwe kwenye kadi, ya baba na ya mama, ili mtoto akianza kujikuna au kukoroma kifua sista ajue pa kuanzia badala ya kumsikiliza wifi. Wizara ya Afya mtusaidie hapo, ni maswali mawili tu.

Mama wa watatu,
Wete, Pemba