Barua ya wazi kwa vijana wa mazoezi ya jioni hapa Mbeya mnaotaka kwenda kusomea michezo

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Naandika kwa nyie mnaofundisha watoto jioni huku Ilomba, na wale wa Iyunga na Uyole ambao huwa tunaonana kwenye ndondo tu, yale mashindano ya mtaani. Naandika kwa simu na macho yenyewe ndo haya ya uzee, herufi zikiruka mtanisamehe. Wiki hii peke yake wamekuja watatu nyumbani na swali lile lile, mzee niende chuo nikasomee michezo au nisubiri kozi za ukocha za TFF, shirikisho letu la mpira, nikaona badala ya kuchemsha chai kila jioni na kurudia maneno yale yale bora niandike mara moja mpeane.

Kwanza tuweke hili sawa maana ndo linalowachanganya wengi. Diploma ya michezo na leseni ya ukocha ni vitu viwili, na ukipata hiki haina maana umepata na kile. Leseni za mpira wa miguu ni za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, hapa kwetu kozi zinaendeshwa na TFF, unaanza D, unaenda C, B, A mpaka Pro, na huwezi kuruka ruka, kati ya ngazi na ngazi wanataka uwe umefundisha timu kweli sio cheti kimekaa ukutani kinapigwa vumbi. Hiyo ndo inayoangaliwa ukitaka jina lako liandikwe kocha mkuu ligi kuu, na mmeshaona wenyewe kocha wa timu anaishia kukaa jukwaani anapiga simu benchi kwa sababu ya karatasi. Diploma ni habari nyingine. Pale Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule wilaya ya Kwimba mkoani Mwanza, unaweza kusomea ukocha au uongozi na utawala wa michezo, na usidhani utakuwa unapiga danadana miaka yote, utakaa darasani usome mwili wa binadamu mpaka uchoke, na utakutana na riadha, wavu, kikapu, netiboli, vitu ambavyo wengine hapa mnavikimbia. Waliopata alama za chuo kikuu, Dar es Salaam pale Mlimani wana idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Hivyo vyuo vingine vya matangazo ya kwenye nguzo za umeme, kabla hujatoa hata hela ya fomu angalia kama wamesajiliwa NACTVET, baraza la serikali la vyuo vya ufundi, unaingia mtandaoni unatafuta jina la chuo unaona. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alilipa ada ya mwaka mzima sehemu ambayo sitaitaja, akaenda kuomba kazi na cheti chake wakakisoma wakamrudishia bila neno. Sasa hivi anaendesha bajaji na ile karatasi kaifanyia laminesheni, sijui ya nini.

Sasa mtaniuliza, kama leseni ndo inayotoa benchi mimi chuo naenda kufanya nini? Hapo ndo nataka tuelewane.

Wengi wenu mnawaza benchi. Unawaza suti, chupa ya maji mkononi, kamera inakumulika, uwanja wa Sokoine umejaa hadi watu wapo juu ya miti. Sikukatazi. Ila ligi kuu ina timu 16, maana yake viti vya kocha mkuu ni 16 nchi nzima na baadhi wamekalia wageni, wakati watoto wanaopiga chandimu kuanzia Mafiati mpaka Uyole hamuwezi kuwahesabu mkamaliza. Kazi ipo kwa hao. Na hao ndo wanaoharibiwa kuliko mtu yeyote, na nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliharibu.

Ngoja niwaambie, hii sijawahi kuisema kwenye kikao. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu kijana, nina filimbi na sauti, basi nikajiona kocha. Nilikuwa na mtoto mmoja wa darasa la sita, winga, mbio zake ungedhani anafukuzwa na nyuki. Ghafla yule mtoto akaanza kuchechemea. Anasema mwalimu goti linauma, nikamshika, chini kidogo ya goti pana kauvimbe kagumu, ukikabonyeza anaruka. Mimi nikasema uvivu. Nikasema huyu keshapata sifa sasa anadeka. Nikampa adhabu ya kuruka kichura, uwanja mzima kwenda na kurudi, halafu kesho yake nikamuunganisha na wenzake kupandisha kile kilima cha kuelekea Loleza, yaani mtoto analia huku anakimbia na mimi nipo nyuma na fimbo. Wiki ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Nikachukua mwingine maisha yakaendelea.

Miaka kadhaa mbele nikapelekwa kozi, mkufunzi akachora ubaoni mguu wa mtoto, akasema kuna kipindi, hivi miaka 11 mpaka 15, mfupa unarefuka haraka kuliko misuli inavyoweza kuufuata, sasa msuli mkubwa wa paja unavuta pale ulipojishikiza kwenye mfupa wa mbele chini ya goti, na pale penyewe bado pana ugegedu, yaani mfupa laini, haujakomaa, kila akiruka au kukimbia pananyofolewa kidogo kidogo, panavimba. Wanaita Osgood-Schlatter. Dawa yake? Kumpunguzia kuruka na mbio, barafu, kumnyoosha misuli taratibu na kusubiri akue, basi, wengi inaisha yenyewe. Na kitu kibaya kuliko vyote cha kumpa mtoto wa hivyo ni kuruka kichura. Nilikaa kwenye lile dawati nikaona jasho linanitoka na ilikuwa mwezi wa saba, nyie mnaijua baridi ya Mbeya mwezi wa saba.

Yule mtoto sasa hivi ni mtu mzima, fundi magari. Tukikutana ananiambia shikamoo mwalimu kwa heshima zote, na mimi macho yangu yanakwenda kwenye goti lake kila mara. Sijawahi kumwambia. Labda akisoma hapa atajijua.

Kwa hiyo nikisema mwende chuo, namaanisha hicho. Mbinu za 4-3-3 mtazipata hata kwenye simu, watoto wa siku hizi wanajua mifumo kuliko sisi. Ila nani atakufundisha kwamba watoto wawili wa umri mmoja, mmoja ameshabalehe na mwingine bado, ukiwachuja kwa kugongana utamchukua yule mwenye kifua na kumtupa yule mwenye akili ya mpira? Na aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wote unawaita wa mwaka mmoja wakati wamepishana karibu miezi 12, umri huo miezi 12 ni mtu mwingine kabisa, na ndo maana ukiangalia timu za vijana za dunia nzima waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wanajaa kuliko wa mwishoni. Mimi nilichuja watoto miaka mingi bila kuuliza hata siku moja mtu kazaliwa mwezi gani.

Na huduma ya kwanza jamani. Mnakumbuka Euro 2020 iliyochezwa 2021, Christian Eriksen wa Denmark alivyoanguka mwenyewe bila kuguswa, moyo umesimama, wakambonyeza kifua pale pale uwanjani na kumpiga shoti ya umeme akarudi, na akaja kucheza tena. Marc-Vivien Foé wa Kameruni mwaka 2003 hakurudi. Sasa niambieni kwenye ndondo yetu, ina MC, ina spika mbili kubwa, ina mbuzi wa zawadi kafungwa pale golini, nani anajua kwamba mtu akianguka hapumui unambonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika bila kuacha mpaka msaada ufike? Nimeona kwa macho yangu mchezaji kaanguka watu wanamwagia maji na mwingine anamtia kitunguu puani. Hata kupasha mwili tu hatujui, tunakimbia raundi mbili tunasema tumepasha, wakati FIFA wana mpangilio wao unaitwa 11+, kama dakika 20 hivi, unataka mpira na koni tu, ukiufuata majeraha yanapungua kweli na yamepimwa hayo sio maneno ya kijiweni.

Kingine ni daftari, na hapa mtaniona mzee ninayependa zama zangu lakini sawa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara. Kutoka Rungwe huko kwenye ndizi na chai, wakawaacha wakubwa wa Dar. Mimi nimekuja kutafuta kwa wazee wa kule, jamani mlifanyaje, mazoezi yalikuwaje, nani alipanga ratiba, nataka hata karatasi moja. Nimepewa ndizi, nimepewa stori mpaka saa tatu usiku, nimecheka sana, ndaga fijo, asanteni sana wazee wangu, ila karatasi hakuna. Halafu msimu wa 2013/14 Mbeya City wamepanda daraja mwaka huo huo wanamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, mji mzima zambarau, miaka imepita tunasimulia tena kwa mdomo. Sisi huku kila kizazi cha makocha kinaanza upya kama vile hakuna aliyewahi kufundisha mpira Nyanda za Juu Kusini. Chuoni watakulazimisha kuandika andalio la kila zoezi, lengo nini, dakika ngapi, nini kimeharibika, utachukia sana, utaona kama unarudishwa ualimu, ila andika. Ukitoka field, yale mafunzo ya vitendo, usilitupe daftari. Watoto wako wa leo watakuja kuliulizia.

Halafu mpira mpira mpira, kila mtu mpira. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tumeipita Arusha kwa urefu. Wazungu wanapanda ndege wanalipa hela nyingi kwenda Iten Kenya kutafuta hewa nyepesi, kwa sababu oksijeni ikipungua mwili ukikaa wiki kadhaa unatengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, sisi tunaivuta bure tangu tumezaliwa tunaitumia kulalamika baridi. Septemba 2025 Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, wa kwanza Mtanzania kuwa bingwa wa dunia kwenye riadha, kamzidi Mjerumani sekunde 0.03, yaani muda ukisomwa wote ni saa 2:09:48. Mpaka leo hakuna hata mmoja wenu aliyenijia akasema mzee nataka nikasomee ukocha wa mbio ndefu. Hata mmoja! Wakati huko ushindani wa makocha ni mdogo, kiwanja ni barabara ya Mungu, na kifaa ni saa.

Mabinti, nyie mnaokuja mazoezini na kukaa pembeni mkisubiri kaka zenu wamalize kiwanja, nendeni, na nyie hata msiniulize. Iringa pale Ceasiaa Queens wanacheza ligi kuu ya wanawake, wasichana wa shule wanataka kufundishwa na mtu ambaye wanaweza kumwambia leo nipo kwenye siku zangu bila kuona aibu. Na nyie vijana wa kiume mtakaofundisha wasichana, meseji za usiku kwa mwanafunzi hapana, kumwita peke yake chumbani kugawa jezi hapana. Hilo silifafanui.

Hela. Najua mnasubiri hapo. Diploma haikupi ajira kesho yake, msidanganyane. Nafasi za afisa michezo kwenye halmashauri zipo lakini zinatoka chache na waombaji wengi, shule binafsi zinatafuta walimu wa michezo na zinalipa wengine vizuri wengine aibu tupu, akademi zinaongezeka, na AFCON ya 2027 inakuja kwetu sisi na Kenya na Uganda kwa hiyo watu wa utawala wa michezo, wa viwanja, wa mashindano watahitajika, ila mashindano yataisha na mtu atarudi nyumbani. Mwenye kashamba ka parachichi asikauze kote kulipia ada. Uza nusu.

Wale wawili ambao tayari mmepata nafasi Malya, makoti mazito acheni nyumbani, kule sio Mbeya, joto. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza inapita hapo hapo Malya. Nina filimbi mbili nzuri za zamani na saa ya kupimia mbio inafanya kazi bado ila kitufe kimoja kigumu, piteni nyumbani jumapili baada ya ibada mchukue, na mje na daftari jipya kila mmoja, kubwa, la kaunta, sitaki yale madogo ya mia tano.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Ilomba