Soda ya Jumamosi

Kaptembwo, Nakuru
Jumanne usiku

Mwanangu mpendwa,

Jumamosi uliniomba tuvuke barabara tukanunue soda, nami nikakataa. Ulinyamaza mpaka saa zetu mbili zikaisha. Kimya hicho kimeninyima usingizi, ndiyo maana naandika. Ujue tu kwamba afisa wa watoto ataisoma barua hii kabla yako. Hilo nalo ni sharti la mimi kukuona.

Hakimu hakuninyima kukuona. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inasema una haki ya kutunzwa na baba na mama, wawe wameoana au la. Ibara hiyohiyo inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Kwa hiyo akaamua unione, ila mbele ya yule mama mwenye daftari anayetuangalia tukikutana, na tusitoke nje ya lango.

Sababu ni mimi. Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimelewa, nikakupakia kwenye pikipiki, tukaanguka karibu na reli. Lile kovu la kiwiko uliambiwa ulijikwaa. Hukujikwaa, mama. Mimi ndiye niliyekuangusha. Mama yako alipokwenda mahakamani alikuwa anakulinda, kazi ambayo mimi nilishindwa. Usimlaumu kamwe kwa ajili ya chumba kile tunachokutania.

Siku ile uliponinong'oneza, nikakwambia useme kwa sauti, uliona kama nakukemea. Haturuhusiwi kunong'onezana, maana wako wazazi wanaowatuma watoto ujumbe na vitisho kwa njia hiyo. Ndiyo sababu pia sikuulizi habari za mama yako wala za kesi, na sikuahidi lini utakuja kulala kwangu. Zawadi hupitia kwa afisa kwanza. Linaloniuma kuliko yote ni la picha: sina ruhusa ya kukupiga hata moja. Ukiniona nakukodolea macho, nakuweka kichwani mpaka Jumamosi nyingine.

Yule mama haandiki makosa yako. Anaandika mimi: kama nimefika mapema, kama sijanywa, ninavyozungumza nawe. Taarifa yake huenda mahakamani, na amri inaweza kulegezwa au kukazwa. Ile Jumamosi ya mvua nilichelewa dakika ishirini, ukarudishwa Njoro bila kuniona. Mvua sikuileta mimi, lakini kutoka nyumbani mapema kulikuwa juu yangu. Siku hizi nafika saa nzima kabla yako.

Na wewe una sauti. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka usikilizwe katika mambo yanayokuhusu, na maoni yako yapimwe kulingana na umri wako. Siku ukiona hutaki kuja, au nikikutia hofu, mwambie yule mama, au shosho, au mwalimu. Nambari 116 ni ya kusaidia watoto na kupiga ni bure. Sitakasirika. Na hata nikikasirika, wewe sema.

Leo nimemuuliza afisa kuhusu soda. Amekubali niilete, mradi chupa isiwe imefunguliwa na aione kwanza. Sikumbuki unapenda ya machungwa au ile nyeusi, na nimeona aibu kwamba sikumbuki. Nitaleta zote mbili, uchague.

Ni mimi,
Baba