Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tupime Tabaka Zetu Katika Joto Letu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zilikwenda kwenye kioo cha paneli za jua na tabaka nyembamba tunazotandaza juu yake. Baadhi yenu mlitarajia chama kikimbilie rekodi za ufanisi wa seli za jua, yaani sehemu ya mwanga ambayo seli hugeuza kuwa umeme, mkaniuliza kwa nini hatufanyi hivyo. Swali hilo linastahili kujibiwa mbele ya wote.

Kioo kitupu cha paneli huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye uso wake wa juu. Mwanga huo haufiki kwenye seli, hata seli iwe bora namna gani. Tabaka la silika (kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga) yenye vinyweleo, yaani vijitundu vya hewa, unene wake nanomita 110 hivi, linaweza karibu kuumaliza upotevu huo kwa mwanga wa kijani: mawimbi yanayorudi kutoka juu ya tabaka hupishana kwa nusu wimbi na yanayorudi kutoka chini yake, yakafutana. Kazi yote ni ya vile vinyweleo. Silika isiyo na hewa ndani hupinda mwanga karibu sawa na kioo chenyewe, kwa hiyo haisaidii kitu. Lakini vinyweleo hivyohivyo ndivyo vinavyolidhoofisha tabaka. Mchanga na kitambaa kikavu hulikwangua. Floridi ya magnesi, tabaka mbadala, ni ngumu zaidi, mradi kioo kipashwe joto wakati wa kuitandaza, ingawa huacha zaidi kidogo ya asilimia 1 ya mwanga irudi. Kwa paneli ya shule ya kijijini Dodoma au Turkana, inayofutwa vumbi na wanafunzi, mimi nachagua ugumu. Kikundi chetu cha tabaka za kioo kimeanza kuzisugua zote mbili kwa vumbi la barabarani, na naomba kazi hiyo isikatizwe.

Kuhusu seli zenyewe, nani asiyefurahia mwendo wa perovskaiti, aina mpya ya fuwele za kutengenezea seli? Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8, leo maabara zimepita asilimia 26. Ila rekodi hizo hupimwa kwenye vipande vidogo, katika nyuzi 25 za Selsiasi. Paneli juu ya paa la mabati kule Tanga au Mombasa hupita nyuzi 60 jua likiwa kali, na unyevu wa bahari haupumziki. Perovskaiti huharibiwa na vyote viwili. Kipimo cha kimataifa cha paneli kinadai saa 1,000 katika nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, nami naona sampuli isiyopitia hatua hiyo haijatuambia mengi.

Seli huhitaji pia tabaka angavu linalopitisha umeme. Oksidi ya zinki yenye alumini, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeichunguza kwa miaka mingi, inabaki tegemeo letu kwa kazi hiyo badala ya oksidi ya indiamu, metali iliyo adimu. Nayo unyevu huipenya kwenye mipaka ya chembe zake, ukinzani wake dhidi ya umeme ukapanda. Hapo ndipo vijana wetu watafute namna ya kuifunika.

Wapo wanaoendelea na seli za shaba, zinki, bati na salfa. Nawaunga mkono, maana shaba na bati zinachimbwa katika kanda yetu. Sehemu ya salfa ilipobadilishwa na seleni, ufanisi wake ulifika asilimia 12.6 mwaka 2013, na tangu hapo umepanda polepole mno. Atomi za shaba na zinki zina ukubwa unaokaribiana, hivyo hubadilishana nafasi ndani ya fuwele na kuharibu volteji. Ni kazi ya subira. Asilazimishwe mtu kuonyesha matokeo kila robo mwaka.

Hesabu atazisoma mhazini. Gesi ya agoni na matengenezo ya pampu za ombwe, vitu tunavyovihitaji kutandaza tabaka, ndivyo vilivyotugharimu zaidi.

Katika mkutano mkuu mtapigia kura pendekezo la kununua chemba ya joto na unyevu, itakayotumiwa na wanachama wote kwa zamu. Kamati imelipitisha, nami naomba mlikubali. Mwenye sampuli tayari aje nayo, ikiwa na maelezo ya unene na siku ilipotandazwa, ili zamu zipangwe siku hiyohiyo.

Mwenyekiti