Maji ya majivu si chumvi ya walalahoi

Mhariri,

Niliyasoma mapishi ya mboga za kienyeji katika toleo lako la Jumamosi kwa furaha, mpaka nilipofika pale mwandishi anapotushauri tutupilie mbali maji ya majivu na kutia magadi soda ya pakiti, eti majivu yalikuwa ya wazee waliokosa chumvi. Hapo nimeona nisinyamaze. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mzaliwa wa Vihiga, na ujanani nilisomea kilimo mjini Jorhat, katika jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Nilikaa kwa watu ambao maji ya majivu ndiyo fahari ya sahani yao, nikala nao na nikajifunza kuyatengeneza.

Waassam huyaita khar, na yanayosifika kuliko yote ni kolakhar, yanayotokana na ndizi. Si ndizi yoyote. Ni bhim kol, ndizi nene fupi yenye mbegu nyeusi zinazogonga meno, ambayo wataalamu wa mimea huiita Musa balbisiana. Nyama yake huvunwa na kukaushwa, ikasagwa kuwa chakula cha watoto wachanga. Maganda nayo hayatupwi. Huanikwa juani siku kadhaa mpaka yawe meusi na makavu ya kukatika yakikunjwa, kisha huchomwa mpaka yabaki majivu ya rangi ya kijivu. Wengine huchoma hata shina la mgomba.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye sote tulimwita Baideo kama wanavyomwita dada mkubwa na mwalimu wa kike, alikuwa na kifuu cha nazi kilichotobolewa jichoni. Alikifungia shimo kwa nyasi kavu za mpunga, akakijaza majivu, akakiweka juu ya bakuli na kumimina maji kidogo kidogo. Hakuharakisha. Maji yalipita kwenye majivu na kudondoka tone moja moja, yakiwa na rangi ya chai hafifu. Alinipa tone moja nisugue kati ya vidole, nikasikia utelezi, akaniambia kwamba hapo ndipo unapojua khar imekolea. Aliyatia kwenye chupa ya kioo na kuyaweka rafuni karibu na mafuta ya haradali. Kwa sufuria ya familia hayakuzidi vijiko viwili vitatu. Yakizidi, chakula huwa na ladha ya sabuni, na kwake hilo lilikuwa aibu kubwa kuliko kuunguza wali.

Sababu ya utelezi huo ni rahisi. Ganda la ndizi lina potasiamu nyingi, na likichomwa hubaki potasiamu kaboneti, ambayo huyeyuka majini na kuyafanya kuwa alkali. Alkali hulainisha nyuzi za mboga na kunde, ndiyo maana papai bichi na choroko nyeusi ngumu huiva upesi ndani yake, na majani ya haradali hubaki na kijani chake badala ya kugeuka kahawia. Nilipouliza kwa nini hatii manjano kwenye chungu cha khar, Baideo alichukua manjano kidogo akayatia kwenye tone la maji yale. Yakageuka mekundu palepale. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi wangu somo la asidi na alkali kwa jaribio hilohilo, nao hawakulisahau.

Kinachonigusa zaidi ni nafasi ya khar mezani. Chakula cha mchana cha Kiassam hufunguliwa nayo. Wali ukishapakuliwa, kitu cha kwanza kinachotiwa ni khar: papai bichi lililokatwa vipande vyembamba, likakaangwa kwa kitunguu saumu na tangawizi katika mafuta ya haradali, likatiwa khar na kufunikwa mpaka lilegee na kung'aa, kisha likanyunyiziwa mafuta mabichi ya haradali yanayopanda puani. Siku nyingine huwa ni choroko, au kichwa cha samaki wa mto Brahmaputra. Mlo hufungwa na tenga, mchuzi mchachu wa samaki wenye nyanya, ndimu, au tunda liitwalo ou tenga. Viwili hivyo havipikwi katika chungu kimoja, na mpishi yeyote anaelewa kwamba uchachu huua alkali. Wenyewe husema khar huliandaa tumbo, na tenga hulipoza, na khar huliwa mchana, si usiku. Watu hao hujitambulisha kama wala khar bila haya yoyote, mbele ya mgeni na mbele ya mkwe.

Sasa turudi kwenye hoja ya chumvi. Ni kweli kwamba Assam iko mbali na bahari. Chumvi ilipandishwa kwa mashua kutoka Bengal kwa mto, ikawa ghali, na wengi husema kwamba ndiyo sababu mojawapo ya khar kushika mizizi. Mwandishi wako hakukosea kabisa kuhusu asili. Lakini chumvi imekuwa rahisi huko miaka mingi, nayo bado hutiwa kwenye chungu pamoja na khar. Mtu hatumii kitu kwa vizazi vyote hivyo kwa sababu hana kingine. Hukitumia kwa kuwa kina ladha yake, ladha ya udongo na moshi ambayo sikuiona kwenye pakiti yoyote ya dukani.

Na huko pia pakiti zimeingia. Vijana wa Guwahati wenye haraka hutia soda ya dukani, nao wazee huwaambia waziwazi kwamba hiyo si khar. Jambo zuri ni kwamba kolakhar yenyewe sasa inauzwa ikiwa kwenye chupa, kwa hiyo anayeishi orofa ya nne bila ua wala mgomba naye anaipata. Matumizi yake hayaishii chunguni: kwa maji hayohayo watu walifua nguo na kuosha nywele, na vifukofuko vya nondo wa hariri ya eri huchemshwa katika maji ya majivu ili nyuzi ziachie gundi.

Sikuja kuandika haya ili tuige Assam, Mhariri. Sisi Waluhya tuna msherekha wetu, na mama yangu aliutengeneza kwa mabua na maganda ya maharagwe yaliyochomwa, akayachuja katika mkebe uliotobolewa chini. Mrenda na kunde bila huo havikuwa vimepikwa. Nilipokiona kifuu cha Baideo kikidondoka nilijisikia niko nyumbani, na yeye nilipomweleza habari za maharagwe alicheka kwa furaha akaniita mpishi mwenzake. Mabara mawili yamefikia kwenye maarifa yaleyale, na hapa kwetu tunayaandika kama ushamba kwenye gazeti linalosomwa na watoto wetu.

Magadi soda na maji ya majivu si kitu kimoja, na msomaji anastahili kuelezwa. Magadi ya Ziwa Magadi, na soda ya pakiti pia, ni ya sodiamu. Maji ya majivu ya ndizi ni ya potasiamu. Mwenye shinikizo la damu anayeshauriwa kupunguza chumvi akimwagia mboga soda kila siku anajiongezea sodiamu bila kujua. Mwenye ugonjwa wa figo naye, ambaye mwili wake haumudu kutoa potasiamu, asiyaguse maji ya majivu kabla ya kumwuliza daktari wake. Alkali yoyote, ya majivu au ya pakiti, huharibu vitamini C na vitamini B1 iliyomo kwenye mboga. Kwa hiyo itiwe kidogo, na mboga isipikwe mpaka ifie motoni. Haya ndiyo mambo ambayo ukurasa wa mapishi ungetuambia.

Tena lipo la vyombo. Baideo alipikia karai ya chuma, na mama yangu alipikia chungu cha udongo. Leo jikoni mwetu sufuria karibu zote ni za alumini, na alkali huila alumini na kuifanya nyeusi. Anayetaka kurudia maji ya majivu atafute chungu cha udongo au sufuria ya chuma cha pua, na akiba yake aiweke kwenye chupa ya kioo. Na majivu yawe ya ndizi au maharagwe yasiyonyunyiziwa dawa, si jivu la mkaa wa jiko lililochomewa plastiki na karatasi za kila aina, kama nilivyowahi kuona jirani akifanya.

Ombi langu ni kwamba mwandishi wako wa mapishi airudie mada hii. Atembelee mama mmoja anayechuja msherekha, hapa Vihiga wapo, aandike vipimo vyake: majivu kiasi gani kwa maji kiasi gani, na vijiko vingapi kwa fungu la mrenda. Mimi nitawatumia vipimo vya papai kwa kolakhar kama nilivyofundishwa Jorhat, maana papai bichi na maganda ya ndizi yamejaa masokoni kwetu, ingawa ndizi zetu si bhim kol na ladha itatofautiana kidogo. Mkichapisha, onyo la wagonjwa wa figo na la sufuria ya alumini liwekwe juu kabisa, kabla ya vipimo.

Mwalimu mstaafu,
Vihiga